Herufi Zinafifia Ndani ya Kompyuta Pepe: Maswali na Majibu

Pale Kibera, Nairobi, na huko Kawangware vilevile, kuna vijana wa saiba wanaotumia Linux kwa sababu ni ya bure na inavumilia mashine kuukuu. Kazi ikidai Windows, wanaiwasha ndani ya Linux hiyohiyo kama kompyuta pepe. Maswali ya leo yanahusu dirisha wanalotazamia hiyo Windows, na vichujio vinavyosafisha picha kabla haijafika kwenye skrini.

Fomu ya ritani ya kodi ya KRA ni faili la Excel lenye makro, kwa hiyo nimeweka Windows ndani ya virt-manager. Juni foleni ni ndefu, na katika dirisha hilo 8 na 0 zinafanana. Nitumie kichujio gani?

Usitumie chochote kwanza. Shida yako ni vipimo visivyolingana. Monita nyingi za mitumba zina pikseli 1280 kwa 1024, au 1600 kwa 900. Windows ya ndani ikiwa imepangwa 1024 kwa 768, dirisha linaivuta picha ili lijae, na pikseli moja inalazimika kukalia nafasi ya moja na ushei. Hapo ndipo ukingo wa herufi unapopata kijivu na tundu la 8 kuziba.

Fungua menyu ya "View", nenda "Scale Display", uchague "Never". Kisha weka spice-guest-tools ndani ya Windows na uruhusu "Auto resize VM with window", ili Windows ifuate ukubwa wa dirisha. Ukitumia virt-viewer, Ctrl na 0 hurudisha picha kwenye ukubwa wake halisi. Washa pia ClearType, kilainisha herufi cha Windows. Kama monita yako ina tundu la DVI, achana na waya wa VGA. PIN ya KRA ina tarakimu 9 katikati ya herufi mbili, na moja tu ikisomwa vibaya mteja wako atarudi kwenye foleni. Wengi niliowaelekeza hivi hawakuhitaji kichujio tena.

Nasikia Looking Glass ndiyo yenye vichujio vya kweli. Mashine yangu itaiweza?

Looking Glass, programu ya kutazamia kompyuta pepe, ilianzishwa na Geoffrey McRae, mtaalamu wa programu wa Australia, na ilijulikana kuanzia mwaka 2017. Ndani yake Windows hupewa kadi yake ya picha peke yake, na kila fremu inanakiliwa kupitia sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa na pande zote mbili, bila kubanwa. Kwa hiyo unahitaji vichakataji viwili vya picha, kwa mfano kile cha Intel kilichomo kwenye prosesa pamoja na kadi ya kuchomeka, na mashine inayokubali VT-d au AMD-Vi. Laptopu nyingi za mitumba hazifiki hapo. Kompyuta ya mezani inaweza kufika, lakini sikushauri uende maduka ya Luthuli Avenue kununua kadi kwa ajili ya Excel. Inunue kama unahariri video, unachora ramani za nyumba au unaendesha michezo.

Ninayo tayari. Vichujio navipangaje?

Hakikisha kwanza kwamba mchoraji ni EGL, kwa kuandika app:renderer=egl kwenye mipangilio, maana ule mwingine wa OpenGL hauna vichujio. Shikilia Scroll Lock na ubonyeze O. Paneli itafunguka juu ya picha, na ndani yake utakuta vichujio vitatu: cha kupunguza vipimo, FSR na CAS. Unaweza kuviburuta juu au chini kubadili mpangilio, na mpangilio una maana, kwa sababu kila kimoja hufanyia kazi kile alichoacha mwenzake.

FSR ni ya AMD, ilitoka mwaka 2021, na hufanya kazi kwenye kadi za kampuni nyingine pia. Inakuza picha ndogo kwa kufuata kingo zake, kisha inazinoa. Kwa skrini ya 1920 kwa 1080, ipange Windows iwe 1280 kwa 720. Hapo unakuza mara 1.5, na kadi ya Windows inachora chini ya nusu ya pikseli ambazo ingezichora. Ukishuka hadi 960 kwa 540 unakuza mara 2, na maandishi madogo yanaanza kuteseka. Dirisha likiwa sawa na picha au dogo kuliko picha, FSR haifanyi lolote hata ukiivuta mpaka mwisho.

CAS haikuzi, inanoa tu, ikilegeza mkono palipo na utofauti mkali tayari. Anza robo ya kipimo. Sogeza uso karibu na skrini, utazame herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe: ukiona mstari mweupe unaong'aa kuizunguka, umezidisha. Usiiwashe pamoja na FSR, maana FSR imekwisha kunoa. Angalia na monita yenyewe, kwa sababu nyingi zina kinoleo chao kwenye menyu, na watu huvilaumu vichujio visivyo na hatia.

Kile cha kupunguza vipimo ni cha michezo ya zamani ambayo Windows imekwisha kuikuza. Kinairudisha kwenye udogo wake ili FSR iikuze vizuri zaidi, kwa hiyo kiweke juu ya FSR. Ukiridhika, hifadhi mpangilio kwa jina: mmoja wa maandishi usio na kichujio, mwingine wa video. Jina la ule unaotaka uanze nao liandike kwenye egl:preset.

Nilitengeneza programu ya mazishi kwa Photoshop ndani ya kompyuta pepe. Kwenye skrini uso wa marehemu ulikuwa safi, lakini karatasi zikatoka zimefifia, na familia ilisikitika. Printa imeharibika?

Pole sana. Printa haina kosa. Kichujio ni miwani yako wewe unayetazama: kinafanya kazi upande wa Linux, baada ya Windows kumaliza kuchora. Faili halikijui. Ukichapisha, ukipiga picha ya skrini ndani ya Windows, ukituma kwa WhatsApp, kinachoondoka ni picha ile isiyonolewa.

Kwa hiyo kazi yoyote ya picha ifanywe vichujio vyote vikiwa vimezimwa, na picha itazamwe kwa asilimia 100. Kisha hesabu pikseli. Uchapishaji mzuri hutaka nukta 300 kwa inchi, yaani picha ya upana wa inchi 4 iwe na pikseli 1200. Picha iliyopita WhatsApp mara tatu, kisha ikakatwa ibaki sura tu, mara nyingi haifiki. Waombe wafiwa ile ya asili kwenye simu iliyoipiga, waitume kama faili, au wakuletee picha ya karatasi uiskani. Ni ombi gumu kwa mtu mwenye msiba, lakini karatasi ile itawekwa kwenye Biblia ya nyumbani miaka mingi.

Windows yetu iko kwenye seva, nasi tunaitazama kwa SPICE kupitia mtandao. Nikishusha ukurasa haraka, maandishi yanakuwa mabaka. Ninoe?

Hapana, ukinoa utanoa mabaka. SPICE, itifaki inayokuletea picha ya kompyuta pepe, ina hali iitwayo filter inayokisia sehemu zinazobadilika haraka kuwa ni video, na kuzituma kama MJPEG iliyobanwa. Ukurasa unaokimbia unaweza kuidanganya. Tumia virsh edit, na ndani ya sehemu ya graphics uandike `<streaming mode='off'/>`. Data itaongezeka. Kwenye mtandao wa ndani wa kituo, au wa jamii kama ule wa Tunapanda unaounganisha shule na vituo vya vijana Kibera, hilo si neno. Kama unatumia bando la simu, iache filter. Zima kabisa kompyuta pepe kisha uiwashe upya, kwani kuirestati kutoka ndani ya Windows hakutoshi.