Somo la robo hii: Uwanja wa kanisa wenye vipara na magugu



Katika ziara za ukaguzi huku Bukoba na Muleba, mara kwa mara tunapokea ombi la fedha za "kupanda nyasi upya" kwenye uwanja wa kanisa. Ukifika unakuta jengo limepakwa rangi vizuri, lakini mbele yake ardhi ina vipara, na palipobaki majani ni ndago, sangari na kishona nguo. Mvua ikinyesha, tope linarukia ukuta na maji yanachimba kando ya msingi. Kwa hiyo ombi hilo si la urembo tu. Hata hivyo jibu langu siku hizi ni kwamba msing'oe kitu kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kukosea. Mwaka mmoja fedha za usharika mmoja wa Muleba ziliingia Juni, nazo zilitakiwa ziwe zimetumika kabla ya mwisho wa Agosti. Nikaidhinisha uwanja wote ulimwe Julai na nyasi za kununua zipandwe. Akina mama walibeba maji wiki tatu, wakachoka. Mvua za Septemba zilipoanza zilikuta udongo mtupu uliolegea, zikaubeba hadi mtaroni. Kufika Novemba kilichokuwa kimestawi ni ndago, tena nyingi kuliko mwanzo. Katika taarifa niliandika kwamba kazi imekamilika, na stakabadhi zote zilikuwapo.

Nilichokuwa nimesahau ni jinsi ndago inavyoishi. Chini ya ardhi ina vijinundu vilivyounganishwa kama shanga kwenye uzi. Jembe likikata uzi huo, vijinundu vilivyobaki vinachipua kila kimoja peke yake. Sangari nayo huota kutoka kipande chochote cha mzizi wake. Ukilima uwanja wenye magugu hayo unayazidisha.

Sasa tujiulize vipara vimetoka wapi. Huku kwetu hata mtoto anajua tofauti ya kibanja na rweya. Kibanja hulishwa samadi, majivu, maganda ya ndizi na nyasi za kutandaza chini ya migomba. Nyasi hizo hutoka rweya, ambako watu hukata mwaka hadi mwaka bila kurudisha kitu. Uwanja wa kanisa nao tumeufanya rweya. Tukishakata, nyasi zote zinabebwa kwenda migombani, kisha tunafagia mpaka udongo unaonekana, na tunaita hiyo ni usafi. Bukoba kando ya ziwa hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo huosha rutuba ya udongo wetu wa kichanga na kuuacha na uchachu. Ukoka ukikosa chakula hudhoofika, na magugu huingia palipobaki wazi.

Sababu nyingine ni ugumu wa ardhi. Baada ya tetemeko la 10 Septemba 2016 majengo mengi yalikarabatiwa. Mahali pengine lori za mchanga zilipita juu ya nyasi, na zege likakorogwa hapo hapo. Chukueni kipande cha nondo, mkichome ardhini siku moja baada ya mvua. Kikigoma kwenye kina cha vidole vinne, mzizi wa ukoka nao unagoma hapo.

Kazi yenyewe ifuate mvua. Juni hadi Agosti msilime wala msichome moto. Kateni mara chache, nyasi zibaki ndefu kidogo zifunike udongo. Huo ndio muda wa kurundika samadi na majani ili yaoze vizuri, kwa sababu samadi mbichi huja na mbegu za magugu. Mvua za Septemba zikishalainisha ardhi, chomeni matundu kwa nondo au jembe uma kwenye sehemu ngumu, tandazeni samadi iliyochekechwa na majivu kidogo ya jikoni, kisha pandikizeni vipara tu. Vipande vya ukoka vitoke kwenye uwanja huo huo au kwa jirani. Vipandwe kwa umbali wa shubiri moja, ncha ya majani ikibaki nje. Wekeni uzio wa kamba na miti, watu na mbuzi wasipite kwa wiki sita hadi nane. Mliochelewa, nafasi ya pili ni Machi hadi katikati ya Aprili. Baada ya hapo kiangazi kitakuta mizizi bado mifupi, hasa Muleba sehemu zilizo mbali na ziwa.

Wakati wa mvua kateni mara nyingi, lakini kila mara msiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Kijana mwenye kwanja hupenda kukata mpaka chini ili asirudi mapema. Ukoka ulionyolewa hivyo unaachia magugu jua. Majani yaliyokatwa, kama ni mafupi, yaachwe pale pale. Ndago ing'olewe kwa mkono udongo ukiwa laini, kijinundu kitoke nacho, na kazi hiyo irudiwe kwa misimu kadhaa. Dawa za kuua magugu zisipuliziwe uwanja mzima, kwani nyingi zinaua na ukoka, na watoto wa shule ya Jumapili wanacheza hapo.

Kwa wafadhili wetu nina ombi moja. Fedha za kazi ya namna hii zikifika Juni, turuhusiwe kuziacha benki hadi Septemba bila kuhesabiwa kuwa tumezembea.

Kuna sehemu ambazo hazitaota, nazo msizigharamie. Chini ya ukingo wa bati lisilo na mfereji wekeni kokoto. Chini ya mwembe wenye kivuli kizito tandazeni majani makavu. Na njia ambayo watu wameikata wenyewe kutoka barabarani hadi mlangoni, iwekeeni mawe pale pale ilipo. Usharika ule wa Muleba uliwahi kuhamisha njia kwa kupanda ua, na Jumapili mbili baadaye ua ulikuwa na pengo.