Kocha anasema mimi mfupi na mzito: nipungue au niache?

*Shikamoo Mjomba. Nina miaka 20, kwetu Kahama, ila sasa naishi Arusha na nafanya mazoezi na klabu moja ya baiskeli. Urefu wangu sentimita 167, uzito ulikuwa kilo 70. Kwenye tambarare nikifyatuka wenzangu wanabaki kuniangalia mgongo, lakini tukianza kupanda naachwa. Kocha amesema mtu wa sprinti lazima awe pande la mtu, na mfupi kama mimi kazi yake ni milima, kwa hiyo nishuke mpaka kilo 60 au nitafute mchezo mwingine. Nimeacha kula usiku, nimefika 64. Sasa hata tambarare wananipita, usingizi sipati, na juzi nilizimia kidogo baada ya mazoezi. Baiskeli nimeachiwa na kaka mmoja mrefu wa klabu, kiti nimekishusha mpaka mwisho. Mjomba, huu mwili umenikosea wapi? – Kijana wa Kahama*

Marahaba, mpwa wangu. Kwanza, leo usiku kula. Ugali, wali, viazi, chochote kilichopikwa hapo unapoishi, na maharage au dagaa pembeni, mpaka ushibe. Pili, kesho asubuhi nenda hospitali, uwaeleze kwamba ulizimia na kwamba umekuwa ukijinyima chakula, wakupime damu. Mtu aliyezimia baada ya mazoezi anaonwa na daktari, si na mzee wa gazetini. Mazoezi makali weka kando mpaka daktari akuruhusu. Haya mengine soma ukiwa umeshiba.

Kocha wako hakubuni aliyokwambia. Ni mtu anayefuatilia, na ameona alichokiona. Marcel Kittel wa Ujerumani, sentimita 188 na zaidi ya kilo 80, alishinda hatua 14 za Tour de France. Mjerumani mwenzake, André Greipel, alikuwa na mwili uliofanya watu wamwite Sokwe, na jina likamkaa. Aliyeshinda jezi ya kijani ya Tour, ile ya anayekusanya pointi nyingi, mwaka 2025, Jonathan Milan wa Italia, ana zaidi ya sentimita 190. Ukiwatazama hawa wakinyanyuka kwenye kiti mita 200 kabla ya mstari, unaelewa kwa nini mtu anaweza kudhani mchezo huu una kipimo cha mlangoni.

Na sababu ipo. Kwenye tambarare, ukishapita kilomita 40 kwa saa, kinachokuzuia zaidi ni hewa, uzito wako unakuja nyuma sana. Nguvu za kuikata hewa hazipandi sawa na mwendo, zinapanda kwa kasi ya kutisha: ukitoka kilomita 60 kwa saa kwenda 66, mwendo umeongezeka kwa asilimia 10 tu, lakini nguvu unazodaiwa zimeongezeka kwa theluthi nzima. Sasa chukua watu wawili wa umbo moja, mmoja kamzidi mwenzake urefu kwa asilimia 10. Sehemu ya mwili inayokutana na upepo itamzidi kwa asilimia 21 hivi. Nyama ya mwili mzima, mapaja yakiwemo, itamzidi kwa asilimia 33. Kwa hiyo mkubwa anaongeza injini haraka kuliko anavyoongeza ukuta. Mlimani mwendo unashuka, upepo unakuwa jambo dogo, na kila kilo inadai nauli yake. Hapo mkubwa analia.

Hesabu ya kocha inaishia hapo. Ni sahihi, ila ni nusu. Urefu wa mifupa huwezi kuupunguza, lakini ukubwa wa ule ukuta unaweza, na hapo ndipo wafupi walipoingilia.

Mtafute kwenye video Caleb Ewan wa Australia. Ni mfupi kama wewe. Mwaka 2019 timu ya Lotto Soudal ya Ubelgiji ilikuwa imeachana na Greipel, yule Sokwe, na nafasi yake ikampa Ewan. Hebu fikiria wazee wa vijiweni walisema nini siku hiyo. Julai ya mwaka huohuo, kwenye Tour yake ya kwanza, Ewan alishinda hatua tatu: Toulouse, Nîmes, na ya mwisho kabisa pale Champs-Élysées mjini Paris.

Usimtazame anavyovuka mstari, tazama mita 150 kabla. Ananyanyuka kwenye kiti kama wengine, lakini badala ya kifua kubaki juu, anakiporomosha mbele mpaka kidevu kinakaribia usukani na pua iko juu ya tairi la mbele. Viwiko vimekunjwa, mgongo umelala, makalio yako juu kuliko kichwa. Watafiti waliolipima pozi hilo waliona linapunguza karibu robo ya kile kinachoshika upepo, ukililinganisha na kusimama kwa kawaida. Robo nzima, mpwa wangu! Rudi kwenye hesabu ya upepo uone mfupi analipa deni gani kwa pozi peke yake. Mrefu akijaribu hivyo anakuta mikono na mapaja yake hayana pa kwenda. Nakuonya lakini: pozi hilo linaondoa uzito kwenye gurudumu la nyuma, na ukikosea kidogo unalala chini kwa mwendo wa kilomita 60 na ushee kwa saa. Usilijaribu kwenye barabara ya Moshi kati ya malori na bodaboda. Tafuta barabara iliyofungwa au uwanja mpana wa lami, anza taratibu.

Kuna faida nyingine ya ufupi ambayo naona haisemwi vya kutosha. Sprinti haianzi unapoanza kukanyaga, inaanza kilomita kadhaa nyuma, unapojificha mgongoni mwa mtu. Mfupi akikaa nyuma ya jitu kama Milan, amefunikwa kabisa. Jitu likikaa nyuma ya mfupi, mabega yote yako nje yanapigwa na upepo. Wote wanafika mita 200 za mwisho, ila hawafiki na miguu iliyochoka sawa. Robbie McEwen, Mwaustralia mwingine mfupi, aliishi kwa kanuni hiyo: anahama kutoka gurudumu la huyu kwenda la yule, hana treni ya wenzake wa kumvuta, na mwishoni anachomoza kutoka upenyo ambao hukuuona. Alishinda hatua 12 za Tour na jezi ya kijani mara tatu.

Nataka uangalie na fainali mbili. Ya kwanza Paris, 2013. Mark Cavendish wa Uingereza, sentimita 175, alikuwa ameshinda hapo miaka minne mfululizo. Siku hiyo Kittel akawa wa kwanza, Greipel wa pili, Cavendish wa tatu: walipangana kwa urefu kama watoto wa shule mstarini, na waliosema zama za wadogo zimekwisha walikuwa wengi. Ya pili ni Angers, 2016, Cavendish na Greipel bega kwa bega. Greipel ana kilo na misuli, lakini kwenye mstari Cavendish akanyoosha mikono na kuisukuma baiskeli mbele, na ikabidi picha itafutwe ili mshindi ajulikane. Ni Cavendish. Julai 2024, kule Saint-Vulbas, akiwa na miaka 39, alishinda hatua yake ya 35 ya Tour na kuivunja rekodi aliyokuwa akigawana na gwiji wa zamani, Eddy Merckx. Mwanaume mwenye hatua nyingi kuliko wote katika historia ya mbio hizo hana mwili ambao kocha wako angeusimamisha njiani autazame.

Nakuja kwenye lile la kwamba kazi yako ni milima. Hapa nakiri damu ilinichemka kidogo. Tumezoea kuambiwa, na wakati mwingine tunaambiana wenyewe, kwamba kijana wa ukanda huu akipanda baiskeli basi ni mwembamba wa kupanda vilima. Biniam Girmay wa Eritrea katoka Asmara, mji ulio juu zaidi ya mita 2,300, na huko kwao milima ndiyo barabara. Tarehe 1 Julai 2024, mjini Turin, alishinda hatua ya Tour kwa sprinti, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Akaongeza mbili na kumaliza na jezi ya kijani. Lakini Girmay hafanani na Kittel wala na Ewan: ni mrefu, mwembamba, na wapinzani wazito wanamwogopa zaidi pale barabara inapoinuka kidogo mwishoni, kama ilivyokuwa siku alipowashinda kule Colombey-les-Deux-Églises. Mwili wake haukuamua kama atakuwa mtu wa sprinti. Ulichoamua ni sprinti ya namna gani, na barabara ipi imwogopeshe mwenzake.

Milima hutaikwepa, hilo usijidanganye. Kila hatua ina muda wa mwisho, na anayechelewa anarudishwa nyumbani hata kama jana alishinda. Mwaka 2018, hatua ya 11 ya Tour, kupanda kwenda La Rosière, Kittel na Cavendish walitolewa siku moja, jitu na mdogo, kwa kosa lilelile. Kwa hiyo kupanda jifunze, lakini kupanda kwa kutosha, si kwa kuushinda mlima. Ukishuka kilo 10, wewe na baiskeli yako mnatoka karibu kilo 80 kwenda 70, na kwenye mwinuko mkali ungeokoa kama sehemu moja ya nane ya muda, ikiwa nguvu zako zingebaki zilezile. Hazibaki. Anayejinyima chakula usiku huku anafanya mazoezi mchana anapunguza nyama ya mapaja pamoja na mafuta, na wanga unaohitajika kwa zile sekunde 10 au 15 za mwisho haupo mwilini. Umelipima hilo mwenyewe: kilo sita zimeondoka, na tambarare uliyokuwa ukiitawala umenyang'anywa. Mlima wenyewe hujaniambia kama umeupata.

Sasa baiskeli. Katika barua yote, sentensi iliyonishtua baada ya kuzimia ni ile ya kiti kushushwa mpaka mwisho. Fremu ya mtu mrefu haigeuki kuwa yako kwa kushusha kiti. Usukani unabaki mbali na juu, mikono imenyooka kama ya mtu anayesukuma mkokoteni, kifua kiko wazi, na wewe ndiwe unayekamata upepo wote wa Arusha! Mikono ya pedali nayo huenda ni mirefu kwako, goti linapanda juu kupita kiasi na kiuno kinabanwa kila mzunguko. Mtu wa urefu wako kwa kawaida anakaa kwenye fremu ya sentimita 51 au 52 hivi. Mitumba ya Ulaya imejaa fremu kubwa kwa sababu waliokuwa wakizipanda ni wakubwa, kwa hiyo itakubidi utafute kwa subira. Kama fedha haipo, mwambie fundi akuwekee shingo fupi ya usukani na mikono ya pedali ya milimita 170 au 165. Si dawa kamili, lakini kifua kitashuka.

Ukiruhusiwa kurudi, sprinti zifanye mara mbili kwa wiki, miguu ikiwa mipya, si mwisho wa safari ndefu. Sekunde 12 kwa nguvu zote, kisha dakika tano kamili za kupumzika. Mara sita zinatosha, na ya sita ikiwa dhaifu kuliko ya kwanza kwa mbali, acha. Milima panda siku nyingine kwa mwendo unaoweza kuongea. Uzito pima mara moja kwa wiki, na ukirudi kwenye 70 bila tumbo kuongezeka, usiogope.

Kwa kocha nenda kwa heshima, usimpelekee gazeti hili kumtupia usoni. Mwombe jambo moja: Jumamosi moja akupe yule kaka mrefu akuvute mpaka mita 200 za mwisho, wewe ukiwa umejikunja mgongoni mwake, halafu akuachie. Apige saa. Wiki inayofuata mbadilishane, wewe umvute yeye. Niandikie muda wa kila mmoja, na uniambie daktari amesema nini kuhusu damu yako.