Kishikio cha Koki ya Bafu: Kwa Nini Huvunjika, na Jinsi ya Kukitengeneza kwa Gharama Ndogo

Utangulizi

Vifaa vingi vya nyumbani huharibika mahali tunapopaona, ilhali chanzo cha uharibifu kimo mahali tusipopaona. Kishikio cha koki ya bomba la mvua ni mfano mzuri wa jambo hili. Siku moja mtu hukizungusha, nacho huzunguka bure pasipo maji kufunguka wala kufungika. Au hupasuka na kubaki mkononi. Hapo wengi huchukua koleo, wakabana chuma kilichochomoza ukutani, na kuendelea kuoga kwa njia hiyo kwa miezi kadhaa. Mwisho wake ni kwamba koki nzima huharibika. Na kwa kuwa koki ya bomba la mvua mara nyingi huwa imezikwa ukutani, kuibadili ni kuvunja vigae na lipu, kazi ambayo gharama yake huzidi kwa mbali bei ya kishikio.

Katika shule ya bweni hasara ni kubwa zaidi. Bomba moja likifa, foleni ya asubuhi hurefuka na wanafunzi huchelewa darasani. Bomba lisilofungika nalo humwaga maji ambayo shule imeyalipia. Makala hii yaeleza kwa nini kishikio huvunjika, na jinsi mwalimu na wanafunzi wake wanavyoweza kukitengeneza kwa vifaa vichache. Tutaona kuwa elimu inayohitajika imo yote katika masomo ya fizikia na kemia ya sekondari.

Muundo wa koki

Koki ya kawaida ina sehemu nne zinazotuhusu. Ya kwanza ni kishikio chenyewe. Ya pili ni mhimili, yaani kijiti cha shaba ya njano ambacho ncha yake ina meno madogo kandokando. Meno haya huingia katika meno yaliyomo ndani ya tundu la kishikio, na skrubu moja huvishikilia pamoja. Ya tatu ni hesi, zile njia za mzunguko zilizochongwa katika mhimili, ambazo huufanya ushuke au upande kila unapozungushwa. Ya nne ni kipande cha mpira cha duara kilicho mwishoni mwa mhimili, ambacho mafundi hukiita washa. Koki inapofungwa, washa hukandamizwa juu ya tundu linalopitisha maji na kuliziba.

Ziko pia koki za aina mpya ambazo hazina washa, bali visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Hizi hutambulikana kwa urahisi: kishikio chake huzunguka robo duara tu, kisha hukoma. Koki ya namna hii haikazwi hata kidogo. Ikifika mwisho imekwisha kufunga.

Kani kiasi gani yahitajika?

Tuchukue tangi la maji lililoinuliwa meta 10 juu ya koki. Maji ya kimo hicho hutoa kanieneo ya takriban niutoni 10 kwa kila sentimita mraba. Kama tundu la koki lina kipenyo cha milimita 12, eneo lake ni kama sentimita mraba 1.13. Kwa hiyo kani ya maji inayosukuma washa ni niutoni 11 tu, sawa na uzito wa mfuko wa sukari wa kilo moja na ushei.

Sasa tutazame upande wa mkono. Kishikio chenye nusu kipenyo cha sentimita 3 kikizungushwa mara moja, mkono husafiri milimita 188. Iwapo hatua ya hesi ni milimita 2, washa hushuka milimita 2 tu. Pasipo msuguano, kani ya mkono ingezidishwa mara 94. Lakini msuguano katika skrubu ni mkubwa. Tukikadiria kuwa unakula sehemu tisa katika kumi, bado kani huzidishwa zaidi ya mara 9. Mtu anayezungusha kwa kani ya niutoni 50, ambayo si kubwa kwa mkono wa kijana, hukandamiza washa kwa niutoni 470 hivi. Hizo ni zaidi ya mara 40 ya kani ya maji yenyewe.

Hesabu hii yatufunza jambo la msingi. Koki iliyo nzima hufungwa kwa vidole viwili, kwani kinachohitajika ni kuyashinda maji, kuukandamiza mpira kidogo, na kuushinda msuguano wa mhimili. Koki inayodai nguvu ya mkono mzima inatuambia kuwa ndani yake mna kasoro: washa imekauka au imechimbika, au ukoko wa chokaa umeganda kwenye ukingo wa tundu, au punje ya mchanga imenasa hapo. Kukaza zaidi hakuondoi kasoro hiyo, bali huihamishia kwenye kishikio.

Meno yanavyonyolewa

Kishikio ni wenzo. Mkono unaosukuma kwa niutoni 50 umbali wa sentimita 3 kutoka katikati hutoa momenti ya niutoni-sentimita 150. Meno ya mhimili yako umbali wa sentimita 0.4 tu kutoka katikati. Kwa kuwa momenti ni ileile, kani katika meno ni 150 kugawanywa kwa 0.4, yaani niutoni 375. Mkono wahisi 50, lakini meno yabeba 375.

Mtu akitumia spana yenye urefu wa sentimita 20 juu ya kishikio hicho, kwa kani ileile ya mkono, meno yatabeba niutoni 2,500. Si ajabu basi kwamba hunyolewa. Na koleo linapong'ata mhimili wenyewe huharibu meno ya shaba, hata kishikio kipya kikinunuliwa hakitashika.

Kemia ya kishikio

Vishikio vingi vya bei nafuu vinavyong'aa kama fedha si vya chuma cha pua. Hutengenezwa kwa aloi ya zinki yenye alumini kiasi cha asilimia 4, kisha hupakwa utando mwembamba wa kromi. Utando ukikwaruzika, maji huifikia zinki. Zinki, shaba ya mhimili na maji yenye chumvi huunda seli ya umeme. Mwanafunzi atakumbuka kuwa zinki ina potenshali ya volti -0.76 na shaba nyekundu +0.34, tofauti hiyo ya volti 1.10 ndiyo iliyotumika katika seli ya Daniell ya mwaka 1836. Katika seli hiyo zinki ndiyo inayoliwa. Ndivyo ilivyo bafuni: unga mweupe huonekana penye tundu la kishikio, meno hudhoofika, na siku moja hukatika kwa kani ndogo.

Katika sehemu ambazo maji hutoka katika miamba ya chokaa, kama ilivyo katika visima vingi vya Unguja na vya pwani, ukoko wa chokaa huongeza tatizo. Ukoko huo huyeyushwa na siki:

CaCO3 + 2CH3COOH → Ca(CH3COO)2 + H2O + CO2

Viputo vinavyoonekana ni kaboni dayoksaidi. Kipande kisiachwe katika siki zaidi ya nusu saa, kisha kioshwe vizuri, kwani asidi hula zinki pia.

Jinsi ya kutengeneza

1. Funga koki kuu ya maji, na kama bafu lina maji ya moto, zima hita na uyaache yapoe. Ziba tundu la sakafuni kwa kitambaa ili skrubu isipotee.

2. Ondoa kifuniko kidogo kilicho juu ya kishikio kwa ncha ya kisu, kisha ufungue skrubu kwa bisibisi. Mara nyingine tatizo huishia hapa: skrubu imelegea tu. Ikaze, na kazi imekwisha.

3. Kama kishikio kimeganda, usikipige kwa nyundo. Kizungushie kitambaa, ukimwagie maji ya moto polepole. Kwa ongezeko lilelile la joto zinki hutanuka kuliko shaba ya njano, hivyo tundu la kishikio hulegea kwenye mhimili.

4. Chunguza meno. Kama ya mhimili ni mazima na ya kishikio yamenyolewa, nunua kishikio peke yake. Nenda dukani na kile cha zamani, na kabla ya kwenda hesabu meno ya mhimili na upime kipenyo chake. Vishikio vinavyofanana kwa nje huweza kutofautiana kwa idadi ya meno.

5. Kama kishikio hakipatikani, tengeneza meno mapya. Osha tundu kwa sabuni na ulikaushe. Paka mhimili na skrubu mafuta mazito ya grisi, utando mwembamba tu. Jaza tundu kwa gundi ya epoksi, ile inayouzwa katika tyubu mbili, kisha ukisukume kishikio mahali pake na kukiacha kwa saa 24. Gundi itaganda kwa umbo la meno ya mhimili. Grisi isiposahauliwa, kishikio kitaweza kutolewa tena siku nyingine. Ikisahauliwa, kitakuwa kimegandishwa daima.

6. Kama meno yamelika kidogo tu, ukanda mwembamba wa shaba uliofuliwa kutoka waya wa umeme wa zamani waweza kuwekwa kati ya mhimili na kishikio ili kujaza nafasi.

7. Kabla ya kurudisha kishikio, toa mhimili kwa spana, ubadili washa, na ufute ukingo wa tundu. Washa ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika duka la vifaa vya ujenzi. Anayeacha hatua hii atavunja kishikio kipya kama alivyovunja cha zamani.

8. Rudisha vyote, fungua koki kuu taratibu, na ufunge koki kwa vidole viwili. Maji yakikoma, acha hapo.

Jaribio la darasani

Zungusha uzi mara moja kuzunguka ukingo wa kishikio cha duara, na ufunge ncha yake kwenye mizani ya springi. Vuta polepole hadi maji yakome, na usome kani. Rudia mara tatu na utafute wastani. Badili washa, kisha rudia jaribio. Wanafunzi waandike wastani huo mbili katika jedwali, na wakokotoe momenti kwa kila hali. Hapo hawatakuwa wakisoma habari za wenzo kwa nadharia tu, bali watakuwa wamepima afya ya koki ya shule yao.

Mwalimu apenda kuonyesha umuhimu wa kazi hii, awape pia hesabu ya matone. Tukichukua kuwa matone 20 hufanya mililita 1, koki inayodondosha tone moja kila sekunde humwaga matone 86,400 kwa siku, yaani lita 4.3. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 1,570, au ndoo 78 na ushei za lita 20.

Hitimisho

Kishikio kilichovunjika ni dalili, na dalili hutibiwa pamoja na ugonjwa wake. Fundi mzuri hujiuliza kwanza kwa nini nguvu nyingi ilihitajika, kisha ndipo atengeneze kilichokatika. Shule inayokagua koki zake kila muhula, na kubadili washa mara tu koki inapoanza kuwa nzito, haitavunja ukuta kwa sababu ya kipande cha mpira.

Maswali

1. Kishikio chenye nusu kipenyo cha sentimita 4 kinasukumwa kwa kani ya niutoni 30. Meno ya mhimili yako sentimita 0.5 kutoka katikati. Tafuta kani katika meno.

2. Kwa nini ukanda wa shaba wafaa kuliko ukanda wa alumini uliokatwa kutoka mkebe wa soda? Tumia mfuatano wa utendaji wa metali.

3. Tangi la shule yenu liko juu kiasi gani kuliko bafu? Kokotoa kani ya maji katika koki yenye tundu la kipenyo cha milimita 12.

4. Eleza kwa nini kishikio kirefu hurahisisha kufungua koki, lakini hakipendekezwi kwa koki yenye washa iliyochakaa.