Mafunzo Niliyopata Nikimiksi Kwaya za Baraka

Huku Baraka, katika eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, kwaya inarekodi ili watu washike maneno. Wimbo ukitoka studio unaingia kwenye kadi ya memori, unarushwa simu hadi simu, unapanda milima mpaka Fizi-centre, unavuka Ziwa Tanganyika na kufika Nyarugusu, kambi ya mkoani Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996 na iliyopokea ndugu zetu wengi. Anayeusikiliza huko hana kitabu cha nyimbo mkononi. Kazi yangu yote ni kumfikishia maneno, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Pima kila kitu kwenye simu

Kamba nene ya gita la besi ikipigwa wazi inatoa hezi 41. Spika ya simu haina nguvu chini ya hezi 200 au 300. Ukiongeza besi kwenye hezi 60, mwenye simu hapati kitu, na kwenye harusi yenye spika kubwa kuta zinatikisika. Mimi naongeza kidogo kati ya hezi 700 na 1,000, pale panaposikika vidole kwenye kamba. Sikio lenyewe linajazia sauti ya chini iliyokosekana.

2. Kata kabla ya kuongeza

Sauti za akina mama ni nadra kushuka chini ya hezi 150. Kinachoingia kwenye maiki yao chini ya 100 ni upepo, vishindo vya miguu na jenereta. Nakiondoa chote. Kwa wanaume siwezi kufanya hivyo, kwa sababu besi wanaimba humo humo ambamo umeme wa hezi 50 unaacha mvumo wake: 50, 100, 150. Hapo nachimba mashimo membamba sana, moja moja. Ekolaiza inayokuwezesha kuchagua mahali, kiasi na upana ilielezwa na Mmarekani George Massenburg mwaka 1972, na katika vitu hivyo vitatu upana ndio vijana wengi wa studio hawaugusi kabisa. Ni hasara kubwa.

3. Gita ziachie sauti nafasi, kisha zirudishiwe haki yao

Hili ndilo lililobadilisha kazi yangu kuliko yote. Nyimbo zetu zina gita tatu: solo, mi-solo na akompa. Zote zinapenda kung'aa kati ya hezi 2,000 na 4,000. Hapo hapo ndipo sikio la binadamu lina makali zaidi, na ndipo konsonanti zinapotofautiana: t na k, s na sh. Ubeti ukianza, gita na maneno vinagombania mlango mmoja.

Wengi wanatatua kwa kupandisha sauti ya muimbishaji. Kisha gita zinaonekana ndogo, zinapandishwa nazo, na mwisho kila kitu kinapasuka. Mimi nashusha akompa na mi-solo desibeli 2 au 3, kwa upana wa kutosha, katika eneo hilo tu. Ukizisikiliza peke yake zinaonekana kupoa. Ukirudisha kwaya, kila neno linatoka.

Lakini sebene ikifika waimbaji wanapumzika, na gita zilizopoa haziwezi kuchezesha mtu. Kwa hiyo ile ekolaiza nayo naiwekea otomesheni: mkato unakuwepo kwenye beti, unaondoka sebene inapofunguka, unarudi ubeti unaofuata. Msikilizaji hajui kilichofanyika. Anaona tu wimbo umefunguka.

4. Tatizo linalokuja na kuondoka ni la otomesheni

Muimbishaji akigeuka kuashiria kwaya, mdomo unaiacha maiki na neno linazama. Ekolaiza haiponyi hilo, kwa sababu ingeharibu maneno mengine yote aliyoyaimba vizuri. Kompresa inasaidia, ila haijui maana: kwake silabi ni silabi. Mimi najua kwamba katika "hakutuacha" silabi ya kwanza ikimezwa, ujumbe wa wimbo umegeuka. Basi naipandisha hiyo peke yake, desibeli 2 au 3, kabla haijaingia kwenye kompresa, na naishusha mara tu inapoisha. Pumzi kali kati ya mistari nazipunguza bila kuzifuta. Kwaya isiyopumua haina uhai.

Raundi ya kwanza naipitia kwa mkono kwenye fida, nikifuata wimbo mzima bila kutazama kioo. Ndipo nachora marekebisho madogo kwa mausi.

5. Usiamue besi usiku kwa sauti ndogo

Fletcher na Munson walipima jambo hili mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kwanza. Anayemiksi chini chini ili asiamshe majirani ataongeza besi kupita kiasi. Usiku nafanya otomesheni ya maneno. Besi naiachia mchana.

6. Mwalimu wa kwaya akisema "ongeza", tafuta cha kupunguza

"Papa, soprano hawasikiki." Mara nyingi ni kibodi inayowafunika. Naishusha kidogo kwenye kiitikio tu, mwalimu anatabasamu, na soprano sijawagusa. Tukikubaliana namtolea nakala tatu: wimbo kamili, ala peke yake za kuimbia kanisani Jumapili, na sauti peke yake, ili waimbaji wapya wajifunzie.