Mama Asiye na Alama: Fundisho juu ya Uchungu Uliokwama

1. Mfano wa mama wawili

Tuseme katika kijiji kimoja, kando ya njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare, wako mama wawili wenye mimba. Wa kwanza ni mfupi wa kimo, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa baada ya uchungu wa siku mbili. Wa pili ni mrefu, ana nguvu za kulima mpunga na kutwanga, naye amekwisha kuzaa watoto watatu bila taabu. Wote wawili waenda kupimwa. Wa kwanza aambiwa: «Una alama ya hatari, ukajifungue hospitalini.» Wa pili aambiwa: «Hatukuona alama yoyote.» Mume wa yule wa pili afurahi sana. Fedha aliyoiweka kwa ajili ya safari ya hospitali aitoa, anunua mabati.

Je, mume huyo amefanya vema? Hilo ndilo jambo la kujifunza katika fundisho hili.

2. Kwa nini uchungu hukwama

Mtoto azaliwapo, hapana budi kichwa chake kipite katikati ya mifupa ya nyonga ya mama yake. Njia ikiwa nyembamba, au kichwa kikiwa kikubwa kuliko njia, au mtoto akiwa amelala vibaya, hawezi kupita. Mji wa mimba wasukuma, wala mtoto hasogei. Saa zikipita, mtoto huchoka na kufa. Mji wa mimba waweza kupasuka, na mama hufa kwa kutokwa damu ndani. Au nyama iliyobanwa kati ya kichwa na mfupa huoza, pakawa tundu, na mkojo hutoka mchana na usiku bila kuzuilika. Ugonjwa huo huitwa fistula. Mama mwenye fistula mara nyingi huachwa na mumewe, hukaa peke yake kwa haya, ingawa waganga waweza kuishona.

Mizizi haipanui mfupa. Kukandamiza tumbo hakupanui mfupa. Asaidiwaye ni yule afikaye mapema kwa waganga wenye vyombo vya kumtoa mtoto na wenye kuweza kupasua.

3. Waganga walivyotafuta alama huko Kasongo

Katika miaka ya 1970, nchi ilipoitwa Zaire, waganga wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerpen, Ubelgiji, walifanya kazi Kasongo pamoja na waganga na wauguzi wa nchi. Walipanga matunzo hivi: vituo vidogo vya afya karibu na vijiji, na hospitali moja ya kupokea wagonjwa walioshinda nguvu za vituo.

Basi wakajiuliza: wanawake wote hawawezi kujifungulia hospitalini, maana njia ni ndefu na vitanda ni vichache. Je, mwuguzi wa kituo aweza kumjua mapema yule ambaye uchungu wake utakwama, ili huyo tu apelekwe? Wakazichunguza alama nyepesi, zile ambazo mwuguzi aweza kuziona bila mashine, kama vile habari za uzazi uliotangulia. Wakaandika habari za wanawake zaidi ya 3,000, kisha wakatazama nani alikwama na nani alizaa salama. Mwaka 1984 waliyachapisha waliyoyaona. Hawakutia majina yao mmoja mmoja, bali jina la kikundi chote cha Mradi wa Kasongo.

Waliona nini? Katika kila wanawake 100 ambao uchungu wao ulikwama, 71 hawakuwa wametambuliwa na alama. Tena, katika kila wanawake 100 walioambiwa kwamba wamo hatarini, 90 walizaa bila kukwama.

Msomaji na afanye hesabu mwenyewe. Ili kuwapata 29 tu kati ya 100 waliokwama, iliwapasa waganga kuwaonya wanawake 290. Na 261 kati ya hao walitiwa hofu, labda wakasafirishwa mbali, bila kupatwa na neno. Wakati huohuo wale 71 walikaa nyumbani kwa amani, nao ndio waliokuwa wengi wa wenye hatari.

4. Sababu yake

Pengine mtu atasema: «Basi waganga hawakujua kazi.» Sivyo. Tazama mfano wa vikapu viwili vya karanga. Kikapu kidogo kina karanga 290, na katika kila kumi moja ni mbovu, ndiyo 29. Kikapu kikubwa kina karanga 7,100, na katika kila mia moja ni mbovu, ndiyo 71. Ukichukua karanga moja kutoka kikapu kikubwa, huogopi sana. Lakini ukizihesabu mbovu zote, nyingi zimo katika kikapu kikubwa.

Ndivyo ilivyo kwa mama. Wenye alama ni wachache, wasio na alama ni wengi. Hatari ya kila mmoja asiye na alama ni ndogo, lakini kwa kuwa wao ni wengi, hao ndio wengi wanaokwama.

5. Neno la Kasongo lilifika mbali

Mwaka 1987 wajumbe wa mataifa mengi walikutana Nairobi, Kenya, kushauriana juu ya vifo vya akina mama. Katika miaka iliyofuata walimu wa uganga walizitaja hesabu za Kasongo, na mafundisho yakageuka. Zamani walisema: «Mtafuteni mama mwenye hatari.» Sasa husema: «Kila mimba yaweza kupata hatari, kila mama awe na mkunga aliyefundishwa, na njia ya kufika hospitalini.»

Tena walifundishwa kuutazama uchungu wenyewe. Tangu mwaka 1972, kwa kazi ya waganga Philpott na Castle katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, wakunga wana karatasi yenye mistari, ambamo huandika saa kwa saa jinsi njia ya mtoto inavyofunguka. Uchungu ukichelewa, mstari huonyesha, na mama hupelekwa kabla hajaharibika.

6. Kupimwa kuna faida

Asiseme mtu: «Basi kupimwa ni bure.» Mama apimwaye hujulikana kama damu yake imepungua, kama ana malaria au kaswende, kama damu yaenda kwa nguvu nyingi, hupata na chanjo ya pepopunda. Na mwenye alama atii shauri alilopewa. Lakini asiye na alama asidhani ya kuwa ameahidiwa usalama.

7. Tusimtie mama makosa

Mahali pengi uchungu ukikwama watu husema: «Amezini, ataje jina la mwanamume, ndipo mtoto atoke.» Usiku mzima wapita katika maswali. Hata akitaja majina kumi, njia ya mtoto haitaongezeka unene wa ukucha. Wale 71 wa Kasongo hawakuwa na alama mwilini. Basi jirani atawezaje kuisoma dhambi katika mfupa wa mtu? Saa ile si saa ya hukumu. Ni saa ya machela.

8. Yapasayo nyumba yenye mimba

Kwanza: fedha ya safari iwekwe hata kama mama hana alama. Pili: wachukuzi wa machela au mwenye pikipiki ajulikane mapema, hasa masika njia iharibikapo. Tatu: mama ajifungulie kwa mkunga aliyefundishwa. Nne: uchungu ukipita saa 12, au damu ikitoka nyingi, au mkono wa mtoto ukitangulia, aondolewe upesi, asingojee kuche.

Maswali

S. Mama asiye na alama aweza kukwama?
J. Aweza. Huko Kasongo, katika 100 waliokwama, 71 hawakuwa wametambuliwa.

S. Je, uchungu uliokwama waonyesha kosa la mama?
J. Hapana. Waonyesha kwamba mtoto hapati njia.

S. Mume aliyenunua mabati alikosa wapi?
J. Aliambiwa, «Hatukuona alama,» naye akasikia, «Hakuna hatari.»