Somo la Bunduki ya Kasiba Mbili ya Kiingereza

Bunduki ya marisawa yenye kasiba mbili zilizolala ubavu kwa ubavu ililetwa katika ukamilifu wake na mafundi wa London na Birmingham. Baadhi ya bunduki hizo zilifika Afrika ya Mashariki pamoja na walowezi na maofisa, nazo zikabaki. Mtu akirithi au akiuziwa bunduki ya namna hiyo, hulitazama jina lililochorwa juu ya kasiba, akadhani amekwisha kuijua. Sivyo. Jina laweza kusema uongo.

Mwandishi wa maneno haya alipata kuonyeshwa bunduki na mzee mmoja aliyetoa ng'ombe wanne kuipata. Juu ya kasiba palikuwa na jina la London. Tulipoifungua, chini yake tulikuta umbo la yai lenye herufi ELG, nayo ni alama ya mji wa Liège katika nchi ya Ubelgiji. Si kwamba bunduki za Liège zote ni mbaya, la. Lakini zilikuwako nyingi za bei rahisi zilizotiwa majina ya kuiga ya Kiingereza. Yule mzee alinyamaza kimya. Basi yafaa tujifunze kutazama kabla ya kutoa mali.

Kwanza, salama. Usiishike bunduki yoyote ila umeifungua na kuona kwa macho yako ya kuwa vyumba vyote viwili ni vitupu. Tena usiishike bila ruhusa ya mwenye hati yake.

Pili, alama za jaribio. Ondoa kipande cha mti cha mbele, uzitoe kasiba, ugeuze chini juu. Kwa sheria ya Uingereza bunduki haiuzwi kabla ya kujaribiwa: hupigwa kwa baruti yenye nguvu kupita desturi, nayo ikistahimili hutiwa muhuri. Nyumba za majaribio ni mbili. Ya London ni ya chama cha mafundi wa bunduki kilichopewa hati ya mfalme mwaka 1637. Ya Birmingham iliwekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Alama ya London ni taji juu ya herufi GP zilizofumana. Ya Birmingham, tangu mwaka 1904, ni taji juu ya BP na BV. Kabla ya hapo zilikuwa fimbo mbili za kifalme zilizopishana. Ukikuta maneno NOT FOR BALL, maana yake "si ya risasi nzima", jua kwamba mdomo wa kasiba umebanwa ili marisawa yasitawanyike, na ya kuwa ilijaribiwa kati ya mwaka 1875 na 1887. Lakini herufi za kutafutwa kuliko zote ni NP. Hizo zashuhudia kwamba kasiba imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi.

Tatu, kasiba zenyewe. Mafundi wa zamani walisokota vipande vyembamba vya chuma na feleji, wakavizungusha juu ya fimbo, wakaviunga kwa moto na nyundo. Kasiba ikiisha kutiwa dawa, mawimbi huonekana kama nakshi za mkeka. Nazo huitwa kasiba za Damasko. Ni nzuri sana kwa macho, lakini nyingi ziliundwa kwa ajili ya baruti nyeusi. Kuzipiga kwa baruti ya siku hizi pasipo alama ya NP ni kuhatarisha vidole na macho.

Iko hatari nyingine iliyojificha. Bunduki nyingi za zamani zina chumba cha inchi 2½, na viasi vingi vya leo ni vya inchi 2¾. Kiasi kirefu huingia bila shida, kwa kuwa mdomo wake umekunjwa. Kikipigwa, hukunjuka mbele ya chumba mahali penye wembamba, kikaziba njia, na nguvu ya baruti huzidi. Kwa hiyo kuingia kwa kiasi si ushahidi kwamba chafaa.

Watu huuliza pia maana ya namba 12. Chukua ratili moja ya risasi, uigawe iwe gololi 12 zilizo sawa: upana wa gololi moja ndio upana wa kasiba. Ndiyo maana namba 20 ni nyembamba kuliko 12.

Nne, mitambo. Bunduki ya kukunjwa yenye viasi vya pini, kazi ya Lefaucheux wa Paris, ilionyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, na mafundi wa Kiingereza wakaifuata. Nyundo zilikuwa nje. Mwaka 1875 Anson na Deeley, waliofanya kazi kwa Westley Richards wa Birmingham, waliziweka nyundo ndani ya sanduku la chuma, zikawa zinapandishwa na kasiba zenyewe zinapoinama. Namna ya pili ina mitambo juu ya mabao mawili ya chuma ubavuni. Mfano wake mashuhuri ni ule wa Frederick Beesley wa mwaka 1880, uliotumiwa na Purdey. Ile ya sanduku ina vipande vichache, tena ni imara, basi usiidharau.

Tano, afya yake. Zitundike kasiba kwa kidole, uzigonge polepole: zikilia kama kengele, maungio yake ni mazima, zikitoa sauti ya chungu kilichopasuka, yamelegea. Tazama ndani kwa mwanga wa dirisha. Kivuli kilichopinda ni mahali palipobonyea. Mwisho ifunge, uitikise bila kile kipande cha mbele: isichezecheze.

Baada ya hayo ndipo usifu mti wa mjozi na nakshi za maua. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Lakini bunduki ya zamani, hata ikiwa nzuri namna gani, isipigwe mpaka fundi mwenye vipimo ameikagua. Na ikikataliwa, ikae ukutani kwa heshima yake, na mwenyewe abaki na mikono yake miwili.