Kabla ya Kufunga V8 Kwenye Ford ya Mwaka 1932

Ford ya mwaka 1932 ilisimamishwa na vyuma vyembamba. Dereva alikanyaga pedeli, vyuma vikavuta, breki shuu zikabana dramu kwenye magurudumu manne. Mafuta ya breki hayakuwemo popote. Ford ilihamia breki za haidroliki mwaka 1939. Injini yake ya V8, ya lita 3.6, ilitoa nguvu ya farasi 65. Leo mtu anaichukua bodi hiyohiyo, anaiweka kwenye banda la gari nyumbani kwake, na kuifungia Chevrolet V8 ya lita 5.7 yenye nguvu mara nne au tano ya ile ya kwanza. Swali lake la kwanza karibu kila mara huwa: itakwenda kasi gani? Mwongozo huu umeandikwa ili swali la kwanza liwe: itasimamaje?

Gari la aina hii Wamarekani huliita hotrodi. Lilizaliwa California katika miaka ya 1930, pale vijana walipokuwa wakinunua Ford kuukuu kwa bei ya kutupa, wakavua madigadi, boneti na kila kizito, kisha wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka jangwani kama Muroc. Mwaka 1937 vilabu vyao vilianzisha chama kinachoitwa SCTA, na mbio zikawa na kanuni na saa ya kupimia. Jarida la Hot Rod lilitoka Januari 1948, na mwaka 1951 Wally Parks na wenzake wakaunda chama kingine, NHRA, ili mashindano yatoke barabarani na kuhamia viwanjani. Ford ya 1932 ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Mwaka 1955 Chevrolet ikatoa V8 yake ndogo ya lita 4.3, nyepesi na rahisi kupatikana, na tangu hapo ndoa ya bodi ya Ford na injini ya Chevrolet imekuwa kawaida. Mafundi wa Arusha na Nairobi wanaotoa injini ya petroli kwenye Land Rover ya zamani na kufunga dizeli ya Kijapani wanafanya hesabu zilezile, ingawa wao wanatafuta gari la kazi na si la mbio.

Anza na karatasi. Kabla hujalipa, linganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi na ile iliyoandikwa kwenye hati ya umiliki. Zikitofautiana, achana na gari hilo hata likiwa zuri namna gani. Kama unanunua chesisi mpya na bodi mpya, jua kwamba majimbo mengi ya Marekani yatalisajili kama gari lililoundwa upya, na utaratibu wake ni tofauti. California haipimi moshi wa magari ya petroli ya mwaka 1975 kurudi nyuma, lakini kwa magari mapya zaidi ya hapo injini unayofunga haitakiwi kuwa ya mwaka wa nyuma kuliko gari. Msomaji aliye Tanzania au Kenya akumbuke kwamba namba ya injini imo kwenye kumbukumbu za usajili wa gari lake. Injini ikibadilika, mamlaka ya usajili na kampuni ya bima wote wanapaswa kujua.

Sasa injini ipi? Hapa nina maoni yangu. V8 ndogo ya Chevrolet ina vipuri tele na kila fundi anaijua, ila distributa yake iko nyuma kabisa, na kwenye Ford ya 1932 inagonga bati linalotenganisha injini na abiria. Ukiisogeza injini mbele, feni inakaribia rejeta. Ndiyo maana wengi hulikata bati lile na kulirudisha ndani. V8 ya Ford ya lita 4.9, iliyotoka mwaka 1968, ina distributa mbele na ni nyepesi zaidi. Kasoro yake ni sampu: nyingi zina kina upande wa mbele na zinaweza kugongana na boriti ya chesisi, kwa hiyo utatafuta ile yenye kina nyuma. Kama bodi yako ni ya chuma cha asili na haijawahi kukatwa, nakusihi uchague Ford. Sampu hununuliwa nyingine. Bati la mwaka 1932 likishakatwa limekatwa.

Kazi yenyewe huharibikia kwenye vipimo. Usichomelee mauntini za injini hadi gari zima limesimama kama litakavyokuwa siku ya mwisho: matairi yake halisi, springi zimebeba uzito, rejeta iko mahali pake, usukani, pedeli, giaboksi na ekzosi vyote vimo. Tumia bloku tupu isiyo na pistoni ili uweze kuinyanyua na kuishusha mara ishirini bila kuchoka. Shikiza kwa vidoti vya kuchomelea tu. Kisha kaa chini uliza maswali madogo. Je, filta ya oili inafunguka bila kung'oa injini? Stata inatoka? Plagi ya mwisho upande wa dereva inafikiwa na spana? Shafti ya usukani iko mbali na ekzosi kiasi cha kutoungua, hata injini inapotikisika kwenye raba zake? Kila jibu la "hapana" leo ni nusu saa ya kusogeza, na mwaka ujao ni wiki nzima.

Pembe ya injini ni ya kupima, si ya kukisia. Injini nyingi za namna hii hulala nyuzi kama tatu kuelekea nyuma, na manifoldi yake imekatwa ili kabureta ikae sawasawa katika hali hiyo. Difu nayo lazima iinue pua yake kwa nyuzi zilezile, hivi kwamba mstari wa giaboksi na mstari wa difu uwe sambamba. Zisipolingana, krosi mbili za propela zitakimbia kwa mwendo usiofanana na gari litatetemeka kwa namna ambayo hakuna kusawazisha matairi kutakakoitibu. Wala usizinyooshe kabisa zikawa mstari mmoja: vyuma vidogo ndani ya krosi vinahitaji kuzunguka kidogo, la sivyo vinajichimbia vishimo mahali pamoja.

Jambo ambalo wanaoanza huwa hawaambiwi ni hili: propela ya Ford ile imefungiwa ndani ya bomba, na bomba hilo ndilo linalopokea msukumo wa magurudumu na kulisukuma gari mbele. Giaboksi ya kisasa ina propela ya wazi. Ukiliondoa bomba bila kuweka mikono imara ya kuishika ekseli ya nyuma, ekseli itajizungusha siku ya kwanza utakapokanyaga mafuta. Chesisi nayo ni ya mabati yenye umbo la C, ya kubeba farasi 65. Funga upande ulio wazi kwa bati la kuchomelea, ukienda vipande vifupi huku na huku ili joto lisiipinde. Mchomeleo wa chesisi, wa mauntini na wa sehemu za usukani si mahali pa kujifunzia. Mlipe mwenye cheti.

Breki, basi. Weka diski mbele na masta silinda yenye vyumba viwili, ili bomba moja likipasuka magurudumu mawili yabaki na breki. Kwenye hotrodi masta silinda hukaa chini ya sakafu, chini kuliko kalipa, na mafuta hurudi taratibu yakiacha pedeli ikizama. Dawa yake ni vali ndogo ya kubakiza presha: ya psi 2 kwa diski, ya psi 10 kwa dramu. Ukizichanganya, diski zitabana muda wote hadi ziungue. Kama hakuna buusta, mguu wako unahitaji msaada wa pedeli yenye uwiano wa karibu sita kwa moja. Mabomba yawe ya chuma, midomo yake ikunjwe mara mbili.

Umeme wa asili ulikuwa wa volti 6; wako utakuwa wa 12, hivyo nyaya zote ni mpya. Fyuzi kuu ikae karibu na betri. Halafu funga waya mnene wa athi kutoka injini hadi chesisi, na mwingine hadi kwenye bodi, kwa sababu raba za mauntini hazipitishi umeme. Nimeona watu wakihangaika na stata nzito kwa siku mbili kumbe kasoro ni waya huo mmoja. Rejeta ya gari hili ni nyembamba, kwa hiyo feni iwe na kasha linaloilazimisha hewa ipite kwenye rejeta yote. Bomba la petroli lipite mbali na ekzosi.

Chevrolet hii ya chuma ina uzito wa karibu kilo 260. Hakuna mtu anayepaswa kuwa chini yake ikiwa inaning'inia, na gari lililonyanyuliwa likae kwenye stendi, si kwenye jeki. Usichomelee mahali uliposafisha kwa dawa ya breki yenye klorini, maana moshi wake ukikutana na joto hilo ni sumu kali. Na banda la gari, hata mlango ukiwa wazi, halitoshi kuwashia injini: peleka moshi wa ekzosi nje kwa bomba.

Siku ya kuwasha, usiikimbilie swichi. Toa distributa, ingiza shafti ya kuzungushia pampu ya oili kwa drili, uendelee hadi oili ionekane juu kwenye roka. Kama kamshafti ni mpya na tapeti zake ni bapa, injini ikishawaka isiachwe izunguke polepole. Ishikilie kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika ishirini au thelathini, ikiwa na oili yenye zinki ya kutosha. Ikikataa kuwaka, usiendelee kupiga stata, kwa kuwa kila mzunguko unafuta mafuta ya kinga kwenye kamshafti. Simama, hakiki taiming na mpangilio wa plagi, ambao kwa Chevrolet ni 1-8-4-3-6-5-7-2, ndipo ujaribu tena. Mtu wa pili asimame na kizima moto mkononi.

Safari ya kwanza iwe kuzunguka mtaa, mwendo wa baiskeli, ukipiga breki kila baada ya nyumba chache. Rudi, liinue gari, ingia chini na tochi: tazama kila nati ya usukani, kila kiungo cha bomba la breki, kila bolti ya mauntini. Kaza. Kesho yake nenda mbali kidogo, urudi, uingie tena chini.